Shajara ya mradi: "Je, hii ni tarehe?"

Jumatatu, 3/2/2025

Nimeanza leo. Kazi yenyewe kwa ufupi: tuna faili moja kubwa ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, vipande vikitengwa kwa koma) iliyounganishwa kutoka kwa watu wengi, kila mmoja kajaza anavyojua, na ndani yake kuna safu inayoitwa "tarehe". Safu hiyo ni maandishi matupu. Hakuna aliyewahi kuhakiki kilichoandikwa humo. Natakiwa kuandika funksheni moja ya Python inayopokea maandishi na kujibu ndiyo au hapana. Nimemwambia mwenzangu kwamba hadi mchana nitakuwa nimemaliza. Naliweka hapa ili lije linisute.

Jaribio la kwanza lilikuwa ruwaza (regex, kanuni inayoeleza umbo la maandishi): tarakimu mbili, mkwaju, tarakimu mbili, mkwaju, tarakimu nne. 12/08/2023 ikapita. 99/99/9999 nayo ikapita, bila aibu. Nikaibana: siku iwe 01 hadi 31, mwezi 01 hadi 12. Sasa 99 zimekwama, lakini 31/04 inapita, na 30/02 pia. Nikaibana tena: miezi ya siku 30 upande wake, Februari upande wake, Februari ya mwaka mrefu (wa siku 366) upande wake tena. Inawezekana, na niliiweza. Ila kilichotoka ni mistari mitatu ya mabano na alama za wima ambayo mimi niliyeiandika saa moja kabla sikuweza kuisoma. Nimeifuta yote. Ruwaza inajua sura ya herufi, haijui kugawanya kwa 4, na kuilazimisha igawanye ni kuitesa na kujitesa.

Kwa hiyo kazi nimeikata vipande viwili. Ruwaza itazame umbo tu na itoe namba tatu. Kalenda iamue kama namba hizo zinakaa pamoja.

Jioni mwenzangu kapitia shajara hii akauliza: "Kaka, mtu akiisoma mwakani atajuaje kama hapo juu ni tarehe tatu mwezi wa pili au tarehe mbili mwezi wa tatu?" Nikamwambia asome neno la kwanza. Tarehe 2 Machi 2025 inaangukia Jumapili, na mimi nimeandika Jumatatu, basi haiwezi kuwa hiyo. Akacheka: "Kwa hiyo kila msomaji atembee na kalenda?" Hapo kanishika. Kuanzia kesho naandika mwaka kwanza, kama ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, kinavyotaka.

2025-02-04

Siku ya kalenda. Nimeandika hii:

```
def siku_za_mwezi(mwaka, mwezi):
    if mwezi == 2:
        mrefu = mwaka % 4 == 0
        return 29 if mrefu else 28
    return 30 if mwezi in (4, 6, 9, 11) else 31
```

Orodha ya 4, 6, 9, 11 nimeikagua kwa ngumi yangu mwenyewe: unakunja ngumi, unahesabu miezi juu ya vifundo vya vidole na mabonde yaliyo kati yake. Kifundo ni siku 31, bonde ni pungufu. Julai inafikia kifundo cha mwisho, Agosti unarudi mwanzo kwenye kifundo tena, ndiyo maana miezi hiyo miwili ya siku 31 inafuatana. Mtu mzima mbele ya kompyuta, nahesabu kwa ngumi. Sioni haya.

Kisha nikataka jaribio lisilotegemea macho yangu. Kalenda ya Gregori inajirudia kila baada ya miaka 400, na miaka hiyo ina siku 146,097 kamili. Nikajumlisha siku za miezi yote kwa miaka 400 kwa funksheni yangu. Jibu: 146,100. Siku tatu zimezidi.

Siku tatu hizo ni zilezile zilizomsumbua Papa Gregori XIII. Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa na kanuni yangu hii ya kitoto, kila mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu, na kwa karne nyingi siku zikarundikana hadi majira yakaachana na kalenda. Mwaka 1582 zikafutwa siku 10 kwa mkupuo, baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15, na kanuni ikatiwa kiraka: mwaka unaogawanyika kwa 100 si mrefu, isipokuwa ugawanyike pia kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa. Katika kila miaka 400 zinaondoka siku tatu. Nimerekebisha:

```
mrefu = mwaka % 4 == 0 and (mwaka % 100 != 0 or mwaka % 400 == 0)
```

146,097. Nikasimama, nikazunguka meza mara moja, nikakaa.

Halafu nikaitupa funksheni nzima. Python ina `date(mwaka, mwezi, siku)` inayotupa kosa la ValueError ukiipa kitu kisichokuwepo, na walioiandika wameshapita njia hii kabla yangu. Nilichobakiza ni jaribio. Kwa miaka 400 kuna michanganyiko 148,800 ya mwezi 1 hadi 12 na siku 1 hadi 31. Inayotakiwa kukataliwa ni 2,703. Yangu ilikataa 2,703, ya Python ilikataa hizohizo. Sasa naitumia ya Python nikijua inafanya nini, si kwa sababu nimeambiwa niitumie.

2025-02-06

Jana sikuandika, nilikuwa nabishana.

Mwenzangu anatunza fomu inayojazwa kwenye kivinjari, na anasema upande wake kuna ukaguzi wa tarehe tangu zamani. Nikamwomba anionyeshe. Ukaguzi wenyewe: unaipa JavaScript namba tatu, inatengeneza tarehe, na kama iliyorudi si "Invalid Date" basi sawa. Nikamwambia ajaribu `new Date(2023, 1, 31)`. JavaScript inahesabu miezi kuanzia sifuri, kwa hiyo hiyo 1 ni Februari. Kosa halikutoka. Ilitoka tarehe 3 Machi 2023. Mashine imehesabu siku 28 za Februari, ikaona 3 zimebaki mkononi, ikazimwagia mwezi unaofuata. Kwa ukaguzi wa namna hiyo, 31 Februari ni tarehe halali kabisa.

Nikamwambia ajaribu kuiacha Chrome isome maandishi yenyewe. `new Date("sanduku 1")` ikampa tarehe 1 Januari 2001. `new Date("Marafiki 5")` ikampa tarehe 5 Machi 2001, kwa kuwa herufi tatu za mwanzo, "Mar", zinafanana na mwezi wa tatu kwa Kiingereza, na kisomaji kile hakihitaji zaidi ya hizo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi wote waliojaza fomu yangu walikuwa marafiki." Hapo ndipo ubishi ulipokwisha.

Jioni nilizunguka lugha nyingine kwa udadisi. PHP, ukitumia `DateTime::createFromFormat`, inafanya kama JavaScript: 31/02/2023 inageuka 3 Machi, onyo linawekwa pembeni pasipo mtu wa kulisoma. Ajabu ni kwamba PHP hiyohiyo ina `checkdate` inayojibu sawasawa. Tatizo ni kuikumbuka. Java ya zamani, `SimpleDateFormat`, ni mpole kwa chaguo-msingi mpaka umwambie `setLenient(false)`. Java mpya, ile ya `java.time` iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, ndiyo iliyonishangaza. Ukitengeneza muundo wako mwenyewe bila kusema neno, 31/02/2023 haiendi mbele. Inarudishwa nyuma hadi tarehe 28 Februari. Ili ikatae lazima utaje STRICT, na ukitaja STRICT lazima mwaka uandikwe `uuuu` badala ya `yyyy`, la sivyo inakataa hata tarehe nzuri, ikidai hujasema ni kabla au baada ya Kristo.

Maandishi yaleyale, basi: mmoja anasema 3 Machi, mwingine 28 Februari, wa tatu anagoma. Mimi nampenda anayegoma. Anayenisahihisha kimyakimya kanizidi ujanja. Ananipa data safi yenye uongo ndani.

Dawa tuliyokubaliana kwa fomu ni kwenda na kurudi: tengeneza tarehe, kisha iulize siku yake, mwezi wake na mwaka wake, ulinganishe na ulivyoingiza. Kilichobadilika njiani hakikuwa tarehe. Mistari minne ya msimbo.

(Jambo jingine la JavaScript, kwa haraka: "2025-02-06" peke yake inasomwa kama usiku wa manane wa UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), si wa mahali ulipo. Aliye magharibi ya Greenwich akiionyesha kwa saa zake anapata tarehe 5. Si tatizo letu kwa sasa, ila nimeliandika ukutani.)

2025-02-10

Leo nimeiendesha funksheni kwenye faili lote kwa mara ya kwanza. Imekataa mistari mingi kuliko nilivyotegemea, na mingi ukiitazama kwa macho haina kasoro. Mmoja ulisomeka "14-09-2022", safi. Nimeukodolea macho. Nimeufuta na kuuandika upya kwa mkono, ukapita. Nimeurudisha wa kwanza, ukakataliwa.

Nikaichapisha kila herufi na namba yake ya Unicode, orodha inayoipa kila alama ya maandishi namba yake. Vile vistari viwili havikuwa kistari cha kawaida, U+002D. Vilikuwa U+2013, kile kirefu kidogo ambacho programu za kuandikia barua hukiweka zenyewe zikidhani zinakusaidia. Kwenye skrini tofauti yake ni unywele.

Baada ya hapo nikawa kama aliyewasha taa chumbani na kuona mende. Nafasi zisizokatika, U+00A0, mwishoni mwa maandishi. Herufi O mahali pa sifuri: "1O/05/2021". Herufi l ndogo mahali pa 1. Mwezi mmoja umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, ٠٣, ambazo binadamu anazisoma vizuri tu.

Hizo tarakimu za Kiarabu ndizo zilizoniumbua, kwa sababu zenyewe zilipita. Katika ruwaza za Python `\d`, alama ya "tarakimu", haimaanishi 0 hadi 9. Inamaanisha tarakimu yoyote ya lugha yoyote, na `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba, ukiipa "٠٣" inarudisha 3 bila kulalamika. Nilipoanza kuichimba `int` nikakuta inakubali pia nafasi pembeni, alama ya kujumlisha, na hata mstari wa chini katikati: `int("1_0")` ni 10. Huyu si mlinzi wa kumweka mlangoni. Na `isdigit` naye si wa kutegemewa; anaikubali "²", ile mbili ndogo ya kipeo, ambayo `int` inaikataa.

La mwisho lilikuwa alama ya `$` mwishoni mwa ruwaza. Nilidhani inamaanisha "hapa ndipo mwisho". Katika Python inaruhusu pia mstari mpya mmoja baada yake, kwa hiyo "14-09-2022\n" ilikuwa inapita. Sasa natumia `fullmatch`, inayodai maandishi yote yafuate ruwaza, na tarakimu nimezitaja moja kwa moja: `[0-9]`.

Kuhusu kusamehe, nimejiwekea mpaka. Nafasi za pembeni nazipangusa, za aina yoyote, maana hazibadilishi maana. Vistari virefu navigeuza vifupi. Tarakimu za Kiarabu nazigeuza pia, kwa jedwali langu mwenyewe linaloonekana kwenye msimbo, si kwa bahati ya `int`. Herufi O siigeuzi. Najua unachofikiri: ni sifuri, kila mtu anaona ni sifuri. Lakini aliyeweka O mahali pa sifuri alikuwa anaandika bila kutazama, na sijui ni nini kingine hakukitazama.

2025-02-13

Kundi zima la mistari lina namba tupu: 45000, 44871, 45112. Nilitaka kuzikataa, mpaka nikakumbuka lahajedwali. Excel haihifadhi tarehe kama tarehe. Inahifadhi hesabu ya siku, na mtu akinakili seli bila muundo wake anaondoka na hesabu hiyo. 45000 ni tarehe 15 Machi 2023.

Hesabu inaanza 1 Januari 1900 ikiwa 1, lakini ukiihesabu hivyo unakosea kwa siku moja. Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900. Namba 60 ndiyo hiyo siku isiyokuwepo. Kosa lilirithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, lahajedwali iliyoitangulia Excel, ili faili za zamani zifunguke bila kuharibika, na mpaka leo halijaguswa. Kwa hiyo kwa namba zilizozidi 60 unaanzia tarehe 30 Desemba 1899 na hesabu inakaa sawa. Kuna na mfumo wa pili unaoanzia 1904, uliotoka kwenye Mac za zamani, unaopishana na huu kwa siku 1,462. Nimeomba Mungu usiwemo, na nimekagua: haumo.

Nazipokea namba kati ya 43466 na 45657 tu, yaani 2019 hadi mwisho wa 2024, muda ambao faili letu linauhusu. Jibu linapita likiwa na alama "imebadilishwa kutoka namba".

Lahajedwali hukosea upande wa pili pia: huona tarehe mahali pasipo tarehe. Wataalamu wa jeni waliteseka na jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1, kila wakifungua faili zinageuka tarehe, hadi mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikasalimu amri na kuziita SEPTIN1 na MARCHF1. Sayansi ya urithi imebadilisha majina kwa sababu ya programu ya mahesabu. Nikifikiria hilo, wiki yangu si mbaya sana.

2025-02-18

Nilikuwa nakwepa siku hii tangu swali la mwenzangu la Jumatatu ile. 05/06/2024. Umbo sawa, kalenda sawa. Ni tarehe gani?

Wachangiaji wetu wengine huanza na siku, wengine huanza na mwezi kama Marekani, na hakuna safu inayosema nani ni nani. Siku ikizidi 12 fumbo linajifumbua: 25/06 haiwezi kuwa mwezi wa 25. Zikiwa zote mbili 12 au pungufu, huna pa kushika. Namba 1 hadi 12 zikizidishwa kwa 1 hadi 12 ni 144. Toa zile 12 zinazofanana pande zote kama 07/07, zinabaki 132. Siku 132 katika kila mwaka ambazo maandishi yake yana maana mbili, na zote mbili halali. Zaidi ya theluthi ya mwaka.

Wokovu umetoka kwenye safu ya jirani ambayo nilikuwa naiona kama takataka: "siku ya wiki". Mstari wa 05/06/2024 umeandikwa Jumatatu. Tarehe 5 Juni 2024 ilikuwa Jumatano. Tarehe 6 Mei ilikuwa Jumatatu. Basi ni Mei. Jibu nililompa mwenzangu kwa utani wiki mbili zilizopita, kumbe ndiyo dawa.

Nikaandika msimbo, nikauendesha, na karibu kila mstari ukakataliwa. Asubuhi nzima imeishia hapo. Kosa lilikuwa la Kiswahili changu. Nilitengeneza jedwali la majina kwa kuyasikiliza: Jumamosi ni moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano. Si majina yenyewe yanasema hivyo? Python kwa `isoweekday` inaita Jumatatu 1. JavaScript inaita Jumapili 0. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, na nimeishi na majina haya maisha yangu yote bila kuyasikia hesabu yake mpaka yaliponiangusha. (Halafu Alhamisi, inayofuata Jumatano, nayo asili yake ni "tano" ya Kiarabu, kwa hesabu inayoanza Jumapili. Wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana, na hakuna anayechanganyikiwa isipokuwa mimi leo.)

Jedwali likanyooka, mistari ikapita. Mingi, si yote. Mmoja ulikuwa 05/09/2024, Alhamisi. Tarehe 5 Septemba 2024, Alhamisi. Tarehe 9 Mei 2024, Alhamisi. Nikadhani ni hitilafu nyingine, nikahesabu kwa kidole kwenye kalenda. Si hitilafu. 9 Mei na 5 Septemba huangukia siku moja ya wiki kila mwaka, vivyo hivyo 11 Julai na 7 Novemba. Ni katika zile tarehe ambazo mwanahisabati John Conway alizitumia kwenye mbinu yake ya kutaja siku ya wiki kichwani.

Nikataka kujua ziko ngapi. Kuna jozi 66 za namba mbili tofauti kati ya 1 na 12. Nikaziendesha zote: katika mwaka wa kawaida jozi 6 zinagongana. Katika mwaka mrefu, 6 pia, ila si zilezile. Jozi tatu zinagongana daima: 5 na 9, 7 na 11, 3 na 12. Nyingine zinabadilika, 2024, kwa mfano, 3 Februari na 2 Machi zote zilikuwa Jumamosi, jambo ambalo 2025 halipo. Kwa hiyo siku ya wiki inaokoa tarehe 120 kati ya 132, na 12 zinabaki gizani.

Funksheni haijibu tena ndiyo au hapana. Sasa ina majibu matatu: halali, batili, na "ina maana mbili", na la tatu linarudi na tarehe zote mbili mkononi. Mwenzangu aliuliza kama hatuwezi kuchagua tu ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini ya kwanza. Hakuwa na jibu, mimi pia sina.

2025-02-20

Fupi. Mistari michache ina siku na mwezi bila mwaka, na mmoja ni "29/02". `strptime`, kisomaji cha tarehe cha Python, imeukataa. Usipoipa mwaka inaweka 1900, na 1900 haukuwa mrefu. Tazama ya tarehe 4 hapo juu. Nimeamua bila mwaka hakuna tarehe, nukta.

Mwaka wa tarakimu mbili: Python inafuata desturi ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), 69 hadi 99 ni miaka ya 1900, 00 hadi 68 ni ya 2000. Kwa faili letu 19 hadi 24 tu ndizo zinaingia akilini, nyingine batili.

2025-02-24

Mwenzangu kanitega: "Na tarehe ambazo kalenda inazikubali lakini hazikuwahi kuwepo?" Zipo. Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011 ilipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Uingereza ilitoka tarehe 2 Septemba 1752 ikaingia 14. Na kinyume chake, Uswidi iliwahi kuwa na tarehe 30 Februari, mwaka 1712, katika purukushani ya kurudi kwenye kalenda ya Julius. Python ingemwita mwongo mtu aliyezaliwa siku hiyo.

Nimefurahia kuyasoma, na hakuna hata moja nililoliweka kwenye msimbo. Faili letu linaanza 2019. Nimeweka mipaka ya chini na ya juu, basi.

2025-02-28

Imebaki mistari michache ambayo mashine imeshindwa, na nimewaandikia waliojaza. Mmoja nilikaa nao muda mrefu kabla ya kutuma: "30/02/2024", na pembeni, "Ijumaa".

Tarehe 1 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa. Yaani mwandishi alijua siku ya wiki, na akahesabu Februari ikapitiliza kwa siku moja baada ya 29. Inaeleweka kabisa. Na hivyohivyo ndivyo JavaScript ingefanya: `new Date(2024, 1, 30)` inatoa 1 Machi 2024. Yule mpole niliyemtukana tarehe 6 angepatia, na siku ya wiki ingemtolea ushahidi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mwenzangu akasema, "Irekebishe tu, bwana, imejisema yenyewe." Nikaituma pamoja na nyingine.

Jibu limekuja mchana. Aliyejaza kaangalia daftari lake: ilikuwa tarehe 30 Agosti. Kwenye vitufe vya namba 8 na 2 ziko safu moja, kidole kiliteleza. Nikaikagua kalenda: 30 Agosti 2024, Ijumaa.

Nimeandika 2024-08-30 kwenye safu mpya. Safu ya zamani nimeiacha ilivyo, na 30/02 yake.